Upinde Haufungwi Mkononi

Baba alikuwa na msimamo mmoja kuhusu pinde, na aliushika imara kuliko alivyoweza kushika kikombe: mwindaji hafungi upinde mkononi. Mimi nilikuwa sijawahi kulifikiria jambo hilo hata siku moja. Ni karani wa ofisi, naishi mtaa wa Tena, nashinda kutwa nikigonga mihuri kwenye karatasi za watu wenye hasira, na nikirudi jioni ninachotaka ni kuvua viatu. Lakini mwaka ule baba alipokaa kwangu tulilizungumza kwenye chai ya asubuhi na kwenye ugali wa jioni, mpaka nami nikawa na maoni, tena maoni makali, kuhusu kitu ambacho zamani sikukijua ndewe wala sikio.

Kamba yenyewe ni kitu kidogo. Ni utepe uliosukwa, mnene kama wa begi la shule, unaofungwa kwenye upinde na kuzungushwa kifundo cha mkono ule unaoushika. Mpigaji akiachilia mshale, upinde hutaka kuruka mbele au kuanguka, na kamba huudaka. Kazi yake imeishia hapo. Kwa utepe huo mimi na baba tuligombana kuliko tulivyowahi kugombana juu ya ndoa yangu, na ndoa yangu ilikuwa na mengi ya kugombaniwa.

Baba alitulea mtaa wa Kaloleni, hapa hapa jijini, kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi, maana alikuwa mtu wa reli. Alipostaafu alirudi nyumbani, magharibi kabisa, karibu na mpaka, na mama akaenda naye. Mama akafariki. Baadaye kiharusi kikampiga baba upande wa kushoto, jirani akamkuta amelala kwenye njia ya kwenda mtoni. Mimi ndiye mtoto niliyekuwa karibu na hospitali kubwa, na ndiye mtoto nisiye na mume wa kuomba ruhusa, kwa hiyo mjadala wa nani amchukue mzee ulikuwa mfupi sana. Kaka yangu alisema, "Wewe una nafasi." Nyumba yangu ina chumba kimoja cha kulala.

Mguu ulirudi. Mdomo ulirudi, na ulirudi na nguvu mpya. Mkono nao ulirudi kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, kikagoma kiganja. Baba alikuwa akishika kitu, halafu kitu kile kiko sakafuni, naye anakitazama kana kwamba ni mtu mwingine aliyekiangusha. Nilivificha vikombe vyangu vizuri nikanunua vya plastiki. Tunakaa ghorofa ya tatu, na ngazi za jengo letu hazina cha kushikilia upande mmoja, kwa hiyo kila tulipopanda au kushuka nilimshika kifundo cha mkono ule. Sikumshika kiganja kwa sababu kiganja hakikunishika. Nilimshika hivyo ngazini, nikamshika hivyo tukivuka barabara, nikamshika hivyo kanisani tukisimama kuimba, mpaka vidole vyangu vikazoea mahali pake. Alikuwa akiutikisa mkono wake nimwachie. Sikumwachia.

Sitadanganya kwamba niliyafanya hayo kwa furaha. Nilichoka. Maji yalikuja siku zake na siku nyingine hayakuja, nami nikapanda na mitungi baada ya kazi huku magoti yakinilaumu. Nilimwogesha baba yangu, jambo ambalo yeye hakulizoea na mimi sikulizoea, na sote wawili tulikuwa tukitazama ukuta. Kulikuwa na mama mmoja wa kanisani aliyeniambia kila Jumapili kwamba Mungu atanilipa, na kila Jumapili nilitamani kumuuliza ni lini.

Baba huniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mamake. Ndiyo maana hata maswali yake ya ubishi huja na heshima ndani yake, na mtu hukosa pa kuyashika.

"Mama," aliniuliza jioni moja, "mimi nitaenda nyumbani lini?"

"Utakaa na nani huko, baba?"

"Na nyumba yangu."

"Nyumba haipiki. Nyumba haikuinui ukianguka."

"Na hapa nikianguka nani ataniinua? Wewe uko ofisini."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikamjibu ili tu ninyamaze na yeye anyamaze: "Mkono ukishika, utaenda."

"Ushike nini?"

"Chochote, baba. Ushike tu, nione kwa macho yangu."

Nilidhani yamekwisha. Kumbe yeye aliyachukua maneno yale kama mtu anavyochukua ahadi mbele ya mashahidi. Hospitali walikuwa wamempa mpira mdogo wa kufinya, afinye asubuhi na jioni. Mpira ule aliugawa kwa mtoto wa jirani siku ya pili. Alisema hawezi kurudi nyumbani na kuwaambia watu kwamba amepona kwa sababu alifinya mpira.

Nilitaka aende, na niliogopa aende. Ikiwa kuna mtu amewahi kumtunza mzazi atanielewa, na ambaye hajawahi asinihubirie. Nililala nikiiona njia ile ya mtoni, baba amelala hapo kifudifudi na hakuna anayepita. Kisha nikaamka, nikakuta maji hayapo, nikamtamani mtu yeyote aje amchukue.

Kaloleni tulirudi kwa sababu ya msiba. Jirani yetu wa zamani alikuwa amefariki, na mikutano ya matanga ilikuwa ikifanyika Jumamosi kwenye ukumbi. Tulipotoka, baba akasimama ghafla. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na sauti, pu, halafu kimya, halafu pu tena. Niliona uso wake ukibadilika. Akanivuta, yeye akanivuta mimi, tukazunguka ukumbi.

Kulikuwa na watu wamepanga mstari wanapiga mishale kwenye magunia yaliyoshindiliwa nyasi kavu, vijana wengi na watu wazima wawili watatu. Aliyewafundisha alikuwa mwanamke bado kijana, mkaazi wa mtaa wa Mowlem, filimbi shingoni na kofia imegeuzwa nyuma. Wote walimwita kocha. Alimwona baba ameganda pale akaja akicheka.

"Sasa mzee! Unataka kutry ama umekuja kutuchekelea?"

"Mimi nilianza kazi hiyo mamako hajazaliwa," baba akasema.

"Wacha! Ya target ama ya kuwinda?"

"Ya kula."

Na kweli ilikuwa ya kula. Kabla ya reli, baba aliwinda na wajomba zake kwenye vichaka vya kule kwetu: paa, kanga, na hasa nguruwe-mwitu waliomaliza mihogo. Serikali ilipokuja kupiga marufuku uwindaji yeye alikuwa tayari mtu wa filimbi na bendera stesheni, na upinde wake umetundikwa juu ya moshi wa jiko la bibi. Hakuwahi kulalamika juu ya sheria ile. Alichokuwa akilalamikia ni kwamba watu wa siku hizi hawajui tena kitu kinavyofanywa.

Kocha akampa upinde mwepesi, ule wa wanaoanza. Nilimwambia kwamba baba ana mkono mbaya. Akasema si neno, wa kuvuta ni mzima, na ule mwingine kazi yake ni kusukuma tu. Baba akasimama. Mgongo wake, ambao nilikuwa nimeuzoea umekunjika kitandani, ulinyooka. Akavuta, akakaa kidogo, akaachilia. Mshale ukaingia kwenye gunia, si katikati, lakini uliingia. Na upinde ukaanguka chini.

Moyo wangu ukaanguka nao. Kocha akainama kuuokota, maana pinde zao zilikuwa chache na zimeungwaungwa.

"Acha hapo!" baba akamkemea, akaanza kutembea kuelekea kwenye magunia.

Filimbi ikalia. "Mzee! Mzee, rudi! Watu bado wanashuti!"

Nilimkimbilia nikamshika kifundo nikamrudisha. Vijana walicheka. Baba hakucheka, alikuwa amekasirika kweli. Ndipo alipotueleza, akiwa bado anahema, na mimi mwanawe nilikuwa ninalisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Kwao mwindaji akishaachilia mshale huuachilia na upinde, palepale, na hauguswi na mtu. Mkono unatakiwa uende kwenye panga, kwa sababu mnyama aliyechomwa ama atakukimbia ama atakujia, na yote mawili hayataki mtu mwenye mti mkononi. Kisha upinde ule ulioanguka ndio alama. Mnyama akipotelea kichakani, wawindaji hurudi kwenye upinde, wanasimama ulipo, wanaanza upya kufuata damu kuanzia hapo. Anayeuokota upinde mapema amewapoteza wenzake wote.

"Lakini mzee," kocha akasema, "hapa ni gunia. Gunia haihepi, haikimbii."

"Ndiyo. Wewe unafundisha watu kulenga gunia. Mimi nilifundishwa kulenga kitu chenye hasira."

Kocha alimpenda kuanzia dakika hiyo. Hata hivyo pinde zilikuwa zake na alizihurumia, akatoa ile kamba mfukoni. Alitufafanulia vizuri, na mimi nilimwelewa. Watu wengi wanadhani kamba ni ya mtu mwenye mkono dhaifu, alisema, kumbe ni ya kila mtu. Ukijua upinde hauwezi kuanguka, huna haja ya kuukaba. Na ukiukaba, unaupinda kidogo bila kujua, mshale unaenda kando. Kiganja kizuri ni kile kilicholegea.

"Sasa hii yako tayari imelegea," akasema, akikigusa kile kiganja kibaya cha baba. "Mzee, wewe God amekupa bure kitu mimi nafundisha hawa mwaka mzima."

Baba aliitazama kamba. "Mbwa ndiye hufungwa," akasema, na siku hiyo ikaisha.

Tulirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Sikupanga iwe hivyo, ilitokea tu, kwa kuwa siku nyingine zote alikuwa akitazama dirisha na Jumamosi alikuwa akivaa viatu mwenyewe. Lakini shauri letu lilikuwa limebadilika. Njiani kurudi nyumbani ile siku ya kwanza baba alikuwa ameniambia, "Umeona? Nimeshika."

"Umeangusha, baba."

"Nimeuachia. Kuangusha ni kitu kingine."

Hapo ndipo tulipokwama. Kila Jumamosi alishika, akavuta, akapiga, na upinde ukaanguka. Yeye alisema ameuachia. Mimi niliona vikombe, vijiko, sabuni, Biblia, vyote vilivyokwisha kuanguka nyumbani kwangu bila mnyama yeyote karibu. Ningejuaje? Na kama angefunga kamba nisingejua pia, kwa sababu upinde ungening'inia tu, mkono uwe umeshika au haujashika. Nilikuwa nimempa baba mtihani ambao haukuwa na jibu, na yeye alikuwa akijisahihisha mwenyewe na kujipa alama zote.

Hata hivyo niliitaka kamba. Nilisimama upande wa kocha kwa sauti kubwa. Nilisema ni kwa sababu ya pinde za watu, na ilikuwa kweli, maana mmoja ulikuwa umeshapata ufa. Nilisema pia kwamba ni usalama. Lakini jambo lenyewe ni kwamba sikuweza tena kuvumilia ile sauti ya kitu kuanguka kutoka mkononi mwa baba yangu. Niliisikia kutwa nyumbani na sikutaka kuifuata mpaka Kaloleni.

"Mwindaji wa leo anafunga," nilimwambia jikoni, nikisonga ugali. "Kocha anasema hata nchi zile wanakoruhusiwa kuwinda, wanafunga."

"Wanawinda nini?"

"Sijui. Swara. Kulungu."

"Wamekaa wapi?"

Kocha alikuwa ameniambia kwamba wengine hukaa juu ya mti, kwenye kiti kilichofungwa kule juu, wakimngoja mnyama apite. Nikamwambia. Baba alicheka mpaka akakohoa, nikaacha mwiko nikampiga mgongo.

"Mtu aliye juu ya mti na afunge," akasema akipangusa macho. "Huyo hata mimi namfunga. Upinde ukimwanguka atashuka kuufuata, na paa watakuwa wamefika Uganda. Mama, mimi sijakataa. Nasema mtu wa chini, mtu wa miguu, asifunge."

Kisha akanihadithia, bila kucheka sasa, habari za binamu yake. Binamu huyo aliungua kiganja, akaona haya kubaki nyumbani siku ya msako, akaufunga upinde mkononi kwa ukanda wa ngozi. Nguruwe-mwitu akamgeukia. Kila mtu aliutupa upinde wake akaruka, yeye aliruka na upinde ukanasa kwenye miiba, ukamshikilia palepale kama mtu aliyekamatwa na rafiki. Hakufa. Alichechemea maisha yake yote, na baba ndiye aliyemkatia ule ukanda.

"Kinachokufunga usidondoshe kitu," baba akasema, "ndicho hicho kitakufunga usikimbie."

"Baba, hakuna nguruwe Kaloleni."

"Na mimi sitakaa Kaloleni."

Niliondoka jikoni nikasimama barazani, mahali tunapoanika nguo, nikatazama paa za mabati kuelekea mtaa wa Umoja. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyeshindwa kwa hoja nyumbani kwake mwenyewe, na ugali ulikuwa unaungua.

Nilimlipukia wiki hiyo hiyo. Ilikuwa jambo dogo, bakuli la uji juu ya shuka nililokuwa nimelifua jana yake kwa maji niliyoyapandisha mwenyewe. Sikupiga kelele. Nilikaa chini kwenye sakafu karibu na uji nikasema, "Baba, nimechoka. Nimechoka kabisa." Nilikuwa sijawahi kumwambia. Aliunyoosha mkono mzuri akanigusa kichwa kama alivyokuwa akitugusa tulipokuwa wagonjwa, akauacha hapo muda mrefu.

Jumamosi, kocha alipokuja na upinde, baba akamnyooshea mkono wa kushoto. "Nifunge," akasema. Akanitazama mimi. "Mama yangu anataka."

Nilifurahi. Naona aibu kidogo kusema nilivyofurahi. Kocha akaifunga kamba taratibu, akaingiza kidole chake ndani ya kitanzi kuhakikisha haibani. Mimi nikasogea nikasimama kando ya baba, nyuma kidogo ya mstari, kwa kuwa jua lilikuwa kali na sikupenda rangi ya uso wake.

Mshale wa kwanza ulikwenda vizuri kuliko yote aliyowahi kupiga pale. Uliingia karibu kabisa na katikati. Upinde ukayumba mbele, kamba ikaudaka, ukabaki unaning'inia kifundoni bila kelele. Vijana wakapiga makofi. Kocha akaruka. "Unaona sasa! Si nilikushow, mzee!" Baba aliutazama upinde ule unaoning'inia kama mtu anayetazama mzigo wa mwingine. Hata mimi nilipiga makofi.

Mshale wa pili ndio ulioharibu mambo. Aliuvuta vizuri, akaachilia, na sijui kama ni shangwe ya ule wa kwanza au ni nini, mwili wake ukasahau uko wapi. Nilimwona kwa macho yangu. Vidole vya mkono wa kushoto vilifunguka vyote kwa pamoja, pa, kama mtu anayemtupia kuku mahindi. Wakati huohuo mkono wa kulia ulishuka kiunoni, upande ule panga lingekuwapo, ukapapasa mkanda wa suruali. Na mguu ukaenda mbele, hatua ndefu ya kijana. Upinde, ambao ulitakiwa uwe chini nyuma yake, ulikuwa bado naye. Ulimbembea mbele ya magoti, ukajiingiza katikati ya miguu, naye akaanguka.

Alikuwa akienda kwa uso. Mimi sikumdaka, sikuwahi. Alichofanya ni kutupa mkono wa kushoto pembeni, ule mbaya, upinde ukiburutwa nao, na mkono ule ukaukuta mkono wangu chini ya kiwiko ukaukamata.

Ulikamata kweli. Nilisikia kila kidole. Uzito wake wote ulining'inia hapo, nikapiga magoti pamoja naye kwenye changarawe, na uso wake ukabaki hewani, shubiri moja kutoka ardhini, umeshikiliwa na kiganja ambacho tangu kiharusi hakikuwa kimeweza kushika kijiko.

Kocha alikuja mbio akaikata kamba kwa kisu kidogo, hakungoja kuifungua. Watu wakatuzunguka. Goti la baba lilikuwa linatoka damu kupitia suruali na yeye alikuwa anahema, lakini macho yake yalikuwa makavu na yametulia.

"Mama," akasema polepole, "niachie nisimame."

"Wewe ndiye umenishika, baba."

"Mimi nimeshakuachia."

Nikatazama. Kiganja chake kilikuwa wazi juu ya changarawe. Mimi ndiye niliyekuwa nimekishika kifundo chake, kwa mikono yangu yote miwili, na sikukumbuka nilianza lini.

Tulikaa kwenye benchi la ukumbi. Kocha alimwosha goti kwa maji ya chupa, akaomba msamaha mpaka baba akamwambia yatosha, kamba yako ni nzuri, ni mimi niliyesahau kwamba nawinda gunia. Alipoondoka kuendelea na wenzake tukabaki wawili. Baba hakuniuliza kitu. Alikaa tu, mikono mapajani, akasikiliza mishale.

Ningeweza kusema ilikuwa bahati. Ningeweza kusema mtu anayeanguka hushika chochote, hata mtoto mchanga hushika, na kwamba hilo halihesabiki. Angenibishia mwezi mzima, na mwezi huo angekuwa kwangu, ghorofa ya tatu, mahali ninapojua alipo. Nilikunja mkono wa blauzi yangu. Alama za vidole vyake zilikuwa hapo, nyekundu, zote. Na nilikuwa nimeviona vidole hivyohivyo vikifunguka kwa hiari yake, mkono wa pili ukitafuta panga. Hakuwa ameangusha. Jumamosi zote zile, hakuwa ameangusha.

"Umeshika, baba," nikasema.

Alitikisa kichwa kukubali, kama mfanyakazi anayeambiwa zamu yake imeisha. Nami nikalia pale mbele ya watoto wa watu, kwa uchovu zaidi kuliko kwa jambo lingine lolote, na yeye akaniacha nilie bila kuniambia ninyamaze.

Kikombe kilianguka tena jioni hiyo. Sitaki mtu afikirie kwamba kiharusi kiliondoka siku ile kwa ajili yangu. Mkono ulikuwa ukishika unapotaka, na siku nyingine haukutaka. Lakini nilikuwa nimesema, na yeye alikuwa amesikia. Mke wa binamu yake, yule binamu wa nguruwe, akakubali kumpikia na kumchungulia asubuhi na jioni. Kaka yangu, ambaye ghafla alikuwa na nafasi, akaazima gari la mwenzake ili ampeleke.

Kocha alituma kamba mpya ya zawadi, ya rangi ya kijani, afungie fimbo yake. Nilijua atakataa. Aliipokea, akaivuta kupima nguvu yake, akaiweka mfukoni. "Nitafungia mbuzi," akasema. "Mbuzi hana sababu ya kutupa kitu."

Mtaani kwetu Tena hakuna wawindaji wa kuja kuniuliza, lakini kama yupo, mimi namwambia hivi. Ukiwa juu ya mti, funga. Ukiwa unapiga gunia, funga, utapiga vizuri zaidi, nimeona. Ukiwa kwa miguu yako na kuna kitu kinaweza kukugeukia, usimsikilize mtu anayetaka kukufunga kwa sababu anakupenda.

Asubuhi ya kuondoka kaka yangu alipiga honi chini. Baba alivaa koti lake la reli, lile ambalo vifungo vyake si vya koti moja, akachukua fimbo kwa mkono wa kulia. Akatoka mlangoni mbele yangu. Akasimama juu ya ngazi, upande ule usio na cha kushikilia, akangoja. Nilidhani ananingoja nimshike. Halafu nikaelewa kwamba anangoja kuona kama nitamshika.

"Tangulia, baba," nikasema.

Akashusha mguu, halafu fimbo, halafu mguu wa pili. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukipepea kidogo kando yake, wazi, karibu kabisa nami. Nilimfuata ngazi moja nyuma, mpaka chini, nimelibeba begi lake kwa mikono miwili, ingawa lilikuwa jepesi.